Kenyatta Avenue: Barabara Iliyobadilishwa Majina

Upana wa Kenyatta Avenue jijini Nairobi hueleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka kwamba barabara hiyo ilichorwa kabla ya enzi ya magari, na husimuliwa kuwa ilikusudiwa kumwezesha mwenye mkokoteni wa jozi nyingi za maksai kuugeuza bila kukwama. Mji wenyewe ulianza mwaka 1899 kama kambi ya Reli ya Uganda. Barabara hii iliitwa kwanza Sixth Avenue, kisha Delamere Avenue, kwa heshima ya kiongozi wa walowezi ambaye sanamu yake ilisimama karibu na Hoteli ya Stanley hadi ilipoondolewa baada ya uhuru wa 1963. Hapo hapo penye Stanley ndipo inapokutana na mtaa wa Kimathi, zamani Hardinge Street, uliopewa jina la mpiganaji aliyenyongwa na serikali ya kikoloni mwaka 1957.

Kutoka Moi Avenue upande wa mashariki, barabara inaelekea magharibi ikikatwa na Kimathi, Wabera, Muindi Mbingu, Koinange na Loita kabla ya kufika Uhuru Highway. Njiani kuna sanamu tatu za shaba, za askari na mpagazi, zenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, zilizowekwa kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, lakini hakuna jina hata moja la marehemu lililoandikwa hapo. Jambo hilo, kwa maoni yangu, linasema mengi kuliko shaba yenyewe.

Jengo ninaloliona kuwa la maana kuliko yote ni Kipande House, lililojengwa mwaka 1913 kwenye kona ya Loita. Humo wanaume Waafrika waliandikishwa, wakachukuliwa alama za vidole na kupewa kipande, karatasi ya utambulisho na kazi iliyohifadhiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Leo jengo hilo la mawe ni benki, na wateja wanapanga foleni humo kuweka na kutoa fedha zao.