Nilivyoingiza ukingo wa kijito katika mpango wa ruzuku ya hifadhi

Shamba langu liko katika kaunti moja ya vijijini kusini mwa jimbo la Iowa, ambako mahindi na soya hulimwa hadi ukingoni mwa vijito. Nilipolinunua nilikuwa nimekwisha kusikia habari za CRP (Conservation Reserve Program), mpango wa kuhifadhi ardhi ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, ambapo serikali ya Marekani humlipa mkulima kodi ya kila mwaka, kama anayekodisha ardhi, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, ili aache kulima sehemu ya shamba na kuiotesha nyasi au miti.

Kwa kawaida mmiliki mpya hutakiwa kukaa na ardhi kwa miezi 12 kabla ya kuiombea mkataba. Wengi huulalamikia muda huo, lakini mimi ulinifaa, kwa kuwa niliutumia kuchunguza maji yanapita wapi. Baada ya mvua za Mei, mistari ya mahindi iliyopakana na kijito ilikuwa imefukuliwa, mingine imefunikwa na tope, na iliyosalimika ilizaa magunzi yenye punje za kuhesabika. Hapo mbegu na mbolea zilikuwa zinanigharimu kuliko nilichovuna. Kodi ya CRP hupangwa kwa kufuata aina ya udongo na viwango vya kaunti, si mavuno ya mahali penyewe, kwa hiyo sikuona sababu ya kutoa ardhi nzuri ya juu. Nilitoa ukanda ule wa kando ya kijito tu.

Uamuzi huo ulinirahisishia pia njia ya kuingilia. Maombi ya jumla hushindanishwa kwa alama, ilhali vizuizi vya nyasi kando ya maji hupokelewa bila mashindano hayo, mradi ardhi itimize masharti. Sharti lililotaka ushahidi ni historia ya kilimo: ardhi iwe ililimwa angalau miaka 4 kati ya 6, kuanzia 2012 hadi 2017. Kumbukumbu hizo zilikuwa za mmiliki aliyenitangulia, nazo zilipatikana katika ofisi ya kaunti ya FSA, wakala wa serikali unaosimamia mpango huu, kwa kutumia namba ya shamba. Hapo hapo nilijaza fomu AD-1026, inayohusu mmomonyoko na ardhi oevu, pamoja na ridhaa ya kuhakikiwa kipato. Wataalamu wa NRCS, idara ya serikali ya kuhifadhi udongo na maji, ndio waliopima ukanda na kuandika mpango wa upandaji.

Kwenye mbegu sikutaka mzaha. Mwaka 2016 gugu la Palmer amaranth liligunduliwa katika mashamba ya hifadhi ya Iowa, likiwa limeingia pamoja na mbegu zilizonunuliwa kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo nilidai kwanza cheti cha maabara kinachoonyesha kuwa mbegu hazina gugu hilo. Serikali ilinirudishia sehemu ya gharama za kupanda.

Kuanzia 15 Mei hadi 1 Agosti sifyeki, kwa sababu ndege huwa wanaatamia. Malipo huja kuanzia Oktoba, nayo hutozwa kodi ya mapato. Mkataba ukivunjwa, mkulima hurudisha fedha zote alizokwisha kupokea pamoja na riba. Na anayetaka kuuza shamba katikati ya kipindi hicho amweleze mnunuzi mapema, kwani mnunuzi asipoupokea mkataba, muuzaji ndiye anayedaiwa.