Forodha ya Bagamoyo kwa kipimo cha 1:25: lipu ya chokaa imekubali

Imeshika! Ukuta wa upande wa bahari umekauka bila ufa hata mmoja. Nakwaruza kwa ukucha, hautoi unga.

Modeli ninayojenga ni ya jengo la Forodha la 1895, na sharti langu ni moja: ukuta uwe wa vipande vya matumbawe na chokaa. Kadibodi inapendeza pichani, lakini haikufundishi jengo limesimamaje. Ukuta nimeuchukulia sentimita 60, kwa hiyo mezani ni milimita 24, na kesi yote ilikuwa kwenye ngozi ya nje ya hizo milimita 24.

Kila lipu ilipasuka. Isiyopasuka ilibambuka nzimanzima kama ganda la yai. Nikiongeza mchanga, nyufa zinapungua lakini uso unakuwa vumbi. Nikipunguza maji, inagoma kushika jiwe. Nimeshauriwa mara nyingi nitie saruji kidogo yaishe. Hapo sikubali kabisa! Saruji inaziba ukuta wa matumbawe. Unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka chini vinakosa pa kutokea, mwishowe lipu inang'oka na uso wa jiwe. Nyumba za kale za pwani yetu zimeumizwa sana na ukarabati wa namna hiyo.

Adui alikuwa upepo. Chokaa haiwi ngumu kwa kukauka tu. Matumbawe yakichomwa tanurini hupoteza hewa ya ukaa, na chokaa iliyozimwa kwa maji hurudi kuwa jiwe kwa kuivuta tena hewa hiyo, taratibu, ikiwa na unyevu. Kaskazi ya barazani kwangu ilikuwa inafyonza maji yote kabla kazi hiyo haijaanza. Sasa nalowesha jiwe kwanza, napaka tabaka la milimita 2, nafunika kwa gunia bichi, nanyunyiza asubuhi na jioni. La pili halipakwi mpaka la kwanza lishike. Na chokaa iwe imelala majini muda mrefu, kwenye ndoo yenye mfuniko. Ya kufungua mfuko na kukoroga papo hapo haina ulaini ule.

Kwa kazi ndogo hivi, mwiko wa dukani ni mnene mno. Kisu butu cha mezani kinanyoosha vizuri zaidi, na chupa ya kupulizia maji ya kinyozi haina mpinzani.

Kinachonivuta kwenye jengo hili ni mwaka wake. Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam 1891, kwenye bandari yenye kina. Huku kwetu ni ufukwe: maji yakitoka majahazi yanakalia mchanga, na meli kubwa zinatia nanga mbali. Lakini miaka 4 baadaye Forodha inajengwa, maana pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi) zilikuwa bado zinashuka na misafara. Pigo lenyewe lilikuja na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905.

Lilikuwa lifuate paa. Lisubiri. Vijiti vya mishikaki vimenipa wazo la sakafu ya boriti za mikoko, ya nyumba ya mfanyabiashara wa enzi hizo. Boriti haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba. Kwangu ni sentimita 12. Vya kwanza nimeshakata, na chokaa ya kumwaga juu yake imo ndooni.