Siku moja na fundi wa kompyuta za ofisi: kuwasha ni rahisi, kuzima ndiyo kazi

Saa 1:15 asubuhi nimeshafika. Kwa asiyeijua kazi yangu: kompyuta ikiwashwa, mwenyewe aikute tayari, ikizimwa, kisipotee kitu. Nazipitia chache kabla watu hawajaingia. Folda za pamoja zimeunganishwa, printa inaonekana, programu ya barua imejifungua yenyewe. Nyuma ya hayo kuna skripti fupi (orodha za amri zinazojiendesha) nilizoziandika, kila moja na faili lake dogo la .desktop ndani ya ~/.config/autostart, mahali ambapo karibu mazingira yote ya eneokazi (desktop) ya Linux hupaangalia mtu anapoingia kwenye akaunti yake.

Saa 2 simu zinaanza. Nenosiri limesahaulika, waya umechomoka, sauti haitoki.

Saa 3:30, kijana tuliyempokea karibuni ananiita. Skripti yake inakubali kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), ila akiingia upya haifanyi lolote. Amri yake inategemea PATH, orodha ya folda za kutafutia amri, aliyoiweka kwenye ~/.bashrc, na mara nyingi eneokazi halilisomi faili hilo. Nikamwambia aandike njia kamili ya kila amri. Mashine yake ina eneokazi la KDE Plasma, nikamwonyesha pia ~/.config/plasma-workspace/env kwa mambo ya kabla ya eneokazi kufunguka, na folda ya shutdown iliyo jirani yake kwa mambo ya kuaga. Anashika haraka, nafurahi.

Saa 5 ikaja simu ya mhasibu.

"Fundi, njoo uone mashine yako, imeganda tena."

Alikuwa anaizima na kuiwasha baada ya masasisho. Skrini nyeusi, mstari mmoja unaosema kuna kazi inasubiriwa isimame, na sekunde zinahesabiwa kuelekea 90. Kidole kiko kwenye kitufe.

"Dada, subiri kidogo tu."

"Jana nimesubiri. Juzi nimesubiri. Nina mishahara ya watu hapa!"

Akakibana mpaka ikazimika. Iliniuma, kwa sababu kilichokuwa kinasubiriwa ni skripti ya kutuma nakala za hesabu zake kwenye seva. Isitoshe, kuzima kwa kitufe huweza kupoteza mistari ya mwisho ya kumbukumbu za mfumo, na ndiyo niliyoitaka. Nikamwomba kiti, nikaizima upya, nikaziacha sekunde 90 ziishe huku amesimama nyuma yangu akigonga kalamu mezani. Ikawaka, nikaandika journalctl -b -1, amri ya kusoma kumbukumbu za mara iliyopita mashine ilipowaka, nikasoma kutoka chini kwenda juu.

Mtandao ulikuwa unakatika kwanza. Skripti inaamka, inaita seva isiyofikika, inaita tena, mpaka systemd, programu inayowasha na kuzima huduma za Linux, inachoka na kuiua. Sekunde 90 ndiyo subira yake ya kawaida. Aliyeiweka skripti ile kama huduma ya systemd kabla yangu hakuipangia zamu. Systemd huzima vitu vilivyopangiwa zamu kinyume cha ilivyoviwasha: kilichowashwa mwisho husimamishwa kwanza. Visipopangiwa zamu, vyote huzimwa pamoja. Dawa ni mstari mmoja, After=network.target, huduma iwashwe baada ya mtandao na isimame kabla yake. Nikaongeza, nikaita systemctl daemon-reload ili systemd isome mpangilio upya, nikazima. Nakala ikaenda, mashine ikazimika ndani ya sekunde chache.

"Sasa siku zote mlikuwa wapi?" akauliza. Sikumjibu. Kukasirika alikuwa na haki.

Kosa lilikuwa kwenye mashine zote za idara ile. Nikazipita moja moja, kila mwenyewe akiniomba nisubiri amalizie barua. Chakula cha mchana kilinipita. Jua lilikuwa linazama nilipofungua seva na kukuta mafaili ya leo kutoka kila meza ya uhasibu.

Zimebaki laptopu. Watu hufunga kifuniko na kuondoka. Mashine inasinzia tu, na skripti ya kuzima haiguswi kabisa. Hizo nitaziwekea kipima saa (timer) cha systemd kitume nakala mchana, chenye Persistent=true ili hata iliyopitwa na zamu ikiwa imezimwa ifidie ikiwashwa. Kesho naanza na ya mkurugenzi, maana yeye haizimi kamwe.