Betri ya pili haijai? Pima kwanza, dukani utaenda baadae

Msimu wa kiangazi ukianza tu hapa Arusha simu ninazopigiwa zinakuwa zile zile. Mtu ana Cruiser yake, hema juu ya paa, friji nyuma, betri ya pili kwa ajili ya friji na taa, katoka mjini alfajiri na familia yake, kafika Seronera kule Serengeti jioni, alafu saa nane usiku friji inaanza kulia inazima na kilo za mbuzi ziko humo ndani. Ukimuuliza umeshafanya nini anakwambia nimebadilisha betri, mpya kabisa. Hapo ndo huwa nachoka, maana laki kadhaa zimeshaondoka na tatizo liko pale pale halijaguswa.

Betri inabebeshwa lawama kwa sababu ndo inayoonekana, lakini kwa magari mengi niliyoyafungua mimi umeme unapotelea njiani kabla haujaifikia. Na hiyo njia unaipima mwenyewe na mita ya volti ya bei rahisi, huhitaji kusomea.

Namba za kukaa nazo kichwani, kwa betri ya asidi ya volti 12: ikijaa na ikapumzika masaa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika inasoma 12.6 mpaka 12.7, ikifika 12.2 iko nusu, 12.0 imebaki kidogo sana. Gari likiwaka na oltaneta (ile inayochaji betri injini ikizunguka) ikiwa nzima utaona kati ya 13.8 na 14.4 kwenye betri ya mbele. Ila usizime gari ukapima hapo hapo, itakuonyesha 12.9 ukashangilia bure, iache itulie kwanza.

Kuna jamaa wa Sakina alileta gari lake hapa kwangu, betri ya nyuma alishabadilisha na bado haijai. Tukawasha gari, taa na friji vikiwa on, tukakanyaga mafuta kidogo, injini izunguke kupita sailensa, ule mwendo wake wa kusimama. Betri ya mbele 14.2, ya nyuma 13.1. Volti moja na kitu imekwenda wapi? Hapo usibahatishe, unaitafuta. Unaweka ncha moja ya mita kwenye moto, yaani pozitivu, wa betri ya mbele na nyingine kwenye moto wa betri ya nyuma (vipande vya waya viungwe kama mita haifiki), ikasoma 0.3, sio mbaya sana. Tukafanya vile vile upande wa athi, negativu ya mbele na negativu ya nyuma, 0.8! Jumla ndo ile 1.1 yote.

Tukaingia chini ya kiti tukafungua bolti ya athi. Chini ya kile kichwa cha waya rangi ya gari bado inang'aa kama imetoka kiwandani jana, yaani aliyefunga alikaza athi juu ya rangi, umeme unapita kwenye meno ya bolti peke yake, na meno yenyewe yana kutu nyekundu iliyochanganyika na vumbi la kijivu la kule Naabi, geti la Serengeti. Msasa mpaka chuma cheupe kikatokea, tukakaza, tukapaka grisi juu. Betri ya nyuma 13.8. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Mtu atasema 13.1 na 13.8 tofauti yake nini, si inachaji tu. Inachaji ndio, lakini kwa 13.1 betri ya asidi inapokea umeme kidogo kidogo mno na haifiki kujaa hata ukiendesha mpaka Mwanza. Na ikikaa nusu nusu wiki nzima zile chembe za salfeti kwenye sahani zinagandamana na kuwa ngumu, betri inapoteza uwezo moja kwa moja, ndo maana ile mpya nayo inakufa mapema alafu fundi anakuambia bosi umeuziwa feki.

Kichwa cha betri chenyewe pia kipime. Ncha moja iguse nguzo ya risasi, ile yenyewe, nyingine iguse kile chuma kinachoibana, gari likiwa linachaji. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona nusu volti hapo, kuna utando katikati hata kama kwa macho pasafi na kwa mkono pamekaza. Toka geti la Lodoare pale Ngorongoro lami inaisha na ile rafu ya kwenda Seronera inalegeza kila kitu, betri isiyofungwa vizuri inacheza humo ndani kama punje za bisi kwenye sufuria.

Waya sasa. Watu wanapitisha waya wa mm 6 za mraba toka mbele mpaka nyuma kwa sababu unaonekana mnene. Piga hesabu: waya huo una ukinzani wa karibu miliomu 3 kwa mita, ukienda mita 5 na kurudi mita 5 ni miliomu 30, na ampea 30 zikipita pale volti 0.9 imeshapotea inapasha waya moto tu. Ukiweka wa mm 25 unapoteza kama 0.2. Na tafadhali uwe waya wa nyuzi nyingi nyembamba, sio ule mgumu wa kufungia nyumba, nimeukuta kwenye gari la watu ulishakatikia ndani ya plastiki yake kwa mtikisiko, kwa nje huoni kitu. Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, maana waya ukichubuka katikati unapata umeme toka pande zote mbili.

Aisoleta ya kujiendesha yenyewe, ile inayounganisha betri mbili gari likiwaka, nyingi zinashika kwenye 13.3 hivi na kuachia kwenye 12.8. Washa gari usikilize, utasikia tik. Usiposikia usikimbilie kuitupa, angalia kwanza ka waya kake kembamba ka athi, kakiwa kabovu inasoma volti pungufu na haitashika kamwe.

Na kuna wale ambao betri yao iko sawa, mita inasoma 12.4, lakini friji inadai betri imekwisha. Hiyo ni kwa sababu friji imechomekwa kwenye soketi ya sigara. Kompresa ikitaka kuanza inavuta ghafla, volti inaanguka kwenye ule waya mwembamba wa soketi, friji inaona 11 na kitu inajizima. Ipe friji waya wake peke yake toka betri ya pili, wenye fyuzi.

Wenye kukaa mjini tu na kwenda Moshi wikiendi, hiyo ni kilomita 80 hivi, na kwa vibao vya spidi hamsini vya Tengeru, Usa River na Boma utadhani umeendesha siku nzima lakini betri iliyoshuka nusu haiwezi kujaa kwa safari hiyo, ile sehemu ya mwisho inakwenda taratibu masaa mengi. Ichomeke kwenye chaja ya umeme wa nyumbani usiku kucha kabla ya safari, basi.

Sola inasaidia sana na sisi tuko karibu na ikweta, paneli ilale tu juu ya paa. Ila Juni na Julai Arusha mawingu yanaweza kukaa mpaka mchana, na mwezi wa kumi ule mjakaranda unaopaki chini yake unamwaga maua ya zambarau juu ya paneli. Kivuli cha jeriken kwenye kona moja kinaweza kukata umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Paneli ya wati 100 kwa jua zuri inatoa ampea 5 hivi, usitegemee miujiza.

Jamani kuna kitu kimoja kinanikera. Kuchomoa kichwa cha betri gari likiwaka eti kupima oltaneta, likizima oltaneta imekufa. Betri ndo inayotuliza volti humo, ukiitoa ghafla volti inaruka juu na inaweza kuua daiodi za oltaneta, kontrola boksi (kompyuta ya gari) na redio kwa pamoja. Mita inakupa jibu lile lile.

Mwisho wenye Coaster mlizozigeuza nyumba. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, betri mbili mfululizo, na fundi akitaka volti 12 za friji anachukua kwenye betri moja tu. Pima kila betri peke yake gari likiwaka. Ukikuta moja 14.8 na mwenzake 13.4, ile inayolisha friji inashinda njaa na nyingine inachemka maji, na zote mbili zitakufa. Weka kigeuzi cha 24 kwenda 12 kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili, cha ampea kuzidi friji na taa, na ile pampu ya kujaza upepo matairi usiichomeke humo, inaweza kula ampea 20 mpaka 30 peke yake.