Bibi Hakuwa Akikataa

"Mama, kwa nini Bibi Tukuyu anakataa kila kitu?"

Binti yangu aliniuliza swali hilo Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukitazama kwenye simu video ya harusi ya mjomba wake. Katika video hiyo Bibi anawamiminia wageni chai kutoka kwenye birika kubwa, na kabla ya kila kikombe kichwa chake kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, kama cha mtu anayesema hapana bila kutoa sauti. Nilimjibu kwamba Bibi hakuwa akikataa, alikuwa akitazama. Jibu halikumtosha, na sikushangaa, kwa maana mimi mwenyewe nililipata kwa kuchelewa mno, ndani ya ukumbi mmoja jijini Mbeya, Julai ya mwaka 2016.

Siku hiyo tulikuwa tumempeleka Bibi kupimwa jicho la kushoto, lile lililobaki. La kulia lilipotea angali msichana, kibanzi cha kuni kilipomrukia. Daktari alituambia jicho ni zima, tukamaliza mapema, na kwa kuwa kosta ya kurudi Tukuyu ilikuwa bado haijajaa, baridi ya mwezi wa saba ilitusukuma kutafuta mahali penye paa. Kulwa na Doto, mapacha wa dada yangu, ndio walioona kibao kilichoandikwa "Maonyesho ya Viinimacho" na kutuvuta ndani.

Vijana walioyaandaa walikuwa wamejenga kila kitu kwa plaiwudi, rangi na vioo, kwa uangalifu ambao nauheshimu hadi leo. Mtazamaji hakusimama mbele ya picha, bali aliingia ndani yake. Tulipita haraka katika ujia wa vioo ulioonekana hauna mwisho, tukapita mistari ya Müller-Lyer ya mwaka 1889, ambayo ina urefu sawa lakini mmoja huonekana mrefu zaidi kwa sababu ya mishale iliyochorwa kwenye ncha zake, kisha tukakanyaga sakafu iliyochorwa ule ubao wa miraba wa Edward Adelson wa mwaka 1995, ambamo mraba ulio kivulini na mwingine ulio nje ya kivuli una rangi moja ya kijivu, na macho hayakubali hata baada ya kuambiwa. Mwisho tukafika kwenye chumba cha Ames.

Adelbert Ames alikuwa Mmarekani aliyesomea sheria, akawa mchoraji, kisha akazama katika utafiti wa jinsi jicho linavyoona. Chumba cha namna hii alikibuni yeye. Anayechungulia kupitia tundu lililotobolewa mbele huona chumba cha kawaida chenye sakafu ya miraba na madirisha mawili. Kumbe ukuta wa nyuma umekwenda mshazari: kona moja iko mbali karibu mara mbili ya nyingine, sakafu ya kona hiyo imeshuka na dari yake imepanda, na madirisha yamekatwa kwa upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, ili kila upotofu ufichwe na mwenzake. Anayesimama kwenye kona ya mbali huonekana mtoto, na wa kona ya karibu huonekana jitu.

Mapacha waliingia. Nilichungulia kwanza mimi, nikamwona Kulwa akigusa dari na Doto akimfikia kiunoni, hali nilikuwa nimetoka kuwaona mlangoni wakiwa sawa kwa sawa. Kisha ikawa zamu ya Bibi. Kijana mwongozaji, aliyekuwa amemwamkia kwa heshima zote, alimletea kigoda ili alifikie tundu, akamwambia taratibu, "Bibi, funga jicho moja."

"Mwanangu," Bibi akamjibu, "langu moja lilishafungwa zamani."

Kijana alimwomba radhi. Bibi alimpigapiga begani, akaweka uso wake kwenye tundu, akatulia. Mapacha wakaanza kubadilishana nafasi, na nilisikia pumzi yake ikisimama. "Mmemfanya nini mtoto?" aliuliza. Hapo ndipo kichwa chake kilipoanza. Kilikwenda kushoto, kikagonga ubao. Kikaenda kulia, kikagonga ubao. Akajaribu tena, na tena paji la uso likagonga, sauti ndogo ya mfupa na mbao ambayo ningeweza kuitambua hata leo. Mikono yake ilishika ukuta pande zote mbili kana kwamba nyumba inayumba. Kisha akajiondoa, akashuka kwenye kigoda, akasema, "Tundu hili limenifunga kichwa."

Aliomba aonyeshwe ubavuni. Alitembea akipapasa plaiwudi kwa kiganja, akaizunguka kona, akapata mlango walioingilia mapacha, akasimama pale kichwa kikicheza kushoto na kulia bila kizuizi. Nadhani hazikupita sekunde tano. "Ukuta umekwenda upande," akasema, "na sakafu imeshuka huku." Mimi mwenye macho mawili nilikuwa nimechungulia, nikacheka, nikatosheka.

Kijana alitueleza kwa nini tundu huwa moja. Macho mawili huona picha mbili zinazotofautiana kidogo, na kutokana na tofauti hiyo ubongo hupima umbali. Charles Wheatstone wa Uingereza alilieleza jambo hilo mwaka 1838. Mwenye jicho moja ana njia nyingine, nayo ni kusogeza kichwa, kwa kuwa kilicho karibu huhama upesi na kilicho mbali hukawia. Wakati wa kurudi niliiona sheria hiyohiyo dirishani: migomba ya kando ya barabara ilikuwa inakimbia kurudi nyuma, na Mlima Rungwe ulikuwa unasafiri pamoja nasi.

Lakini kabla ya kuuona Rungwe nilikuwa nimekwisha kusema lililokuwa likinichoma. Nilipokuwa na umri wa miaka 14, siku moja kanisani, Bibi akitafuta kwa mkono kapu la sadaka huku kichwa kikicheza, nilimnong'oneza, "Bibi, tuliza kichwa, watu wanatutazama." Nilimkumbusha siku hiyo. Alikaa kimya mpaka tulipoipita Uyole.

"Mke mwenzangu," akasema, "mimi sikuwa najua kwamba natikisa. Nilijua uliponiambia. Tangu siku ile, mbele za watu nakaza shingo. Na nikiikaza, kikombe sijui kiko wapi."

Sisi sote nyumbani tulikuwa tumeona kwamba wakija wageni Bibi hagusi birika, huwaita wajukuu wamimine, na tulidhani ni haki ya mtu mzima kuhudumiwa. Nilimwomba msamaha. Alinishika mkono, akauliza kama mapacha walikuwa wamekula.

Video ya harusi ilipigwa miaka miwili baadaye. Ukumbi umejaa, kamera iko karibu naye, na kichwa hakijazuiwa. Sijui kama ni msamaha wangu ulioilegeza ile shingo, au ni tundu lililomwonyesha alichokuwa akijinyima, au ni umri tu uliomwondolea hofu ya macho ya watu. Sikumwuliza alipokuwapo, na sasa hayupo.

Binti yangu alichukua simu, akairudisha video mwanzo, akaisogeza karibu na uso wake. Kichwa kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, kisha mkono unainama, na chai inaingia katikati ya kikombe.