Kubadilisha misumari au kuezua paa zima?

Paa letu linavuja, na fundi wa kwanza alisema tung'oe mabati yote. Kabla ya kukubali nikapanda darini na tochi. Maji yanaingia karibu na kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, yanafuata papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa mabati, kisha yanadondokea sebuleni, mbali kabisa na tundu lenyewe! Mipira iliyo chini ya vichwa vya misumari imekauka kwa jua na kupasuka. Mabati bado mazima. Kenchi nazo, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, nimezichoma kwa bisibisi, haikuzama hata kidogo. Basi tunabadilisha misumari na kofia tu. Ningekuta kutu imetoboa huku na huku, au mbao zimeoza, ningeezua lote bila kusita, maana kiraka juu ya bati lililokwisha ni hela ya bure. Fundi anaanza kesho, mvua ikituruhusu.