Sisi tuliokuwa tunatafuta watu

Juzi sokoni Makambako mama mmoja kaniita kwa sauti mbele za watu, "Dokta! Dokta, mbona siku hizi hupigi simu?" Mimi sio dokta na sijawahi kuwa, ila huku kwetu ukionekana tu unatoka kliniki na daftari mkononi watu wanakupa udokta na wewe mwenyewe unauzoea, miaka minane nimeliitikia hilo jina. Juzi nilishindwa. Nikamwambia nimehamishwa kitengo mama, wewe usiache kwenda tarehe zako, nikaondoka haraka mpaka nyanya nilizokuwa nimeshalipia nikaziacha pale pale mezani kwa muuzaji.

Nimefika nyumbani nimekaa kitandani nawaza kwa nini nimemdanganya yule mama. Angeumia nini nikimwambia kazi iliisha? Nikaona bora niandike maana nimekaa na haya mambo zaidi ya mwaka na najua siko peke yangu, tuko wengi sana tu ila hatuongei.

Kwa asiyejua, kazi yetu, kwenye mradi wa hela za Marekani, ilikuwa kufuatilia wateja wa CTC, zile kliniki za huduma na matibabu ya VVU. Mkoa wetu wa Njombe ndo unaongoza nchi nzima, utafiti wa 2022–2023 ulitoa asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wakati taifa lote ni 4.4, kwa hiyo kazi ilikuwa ipo, usiku na mchana ipo. Mteja akikosa tarehe yake unampigia, hapokei, unapiga tena kesho, unamtafuta msaidizi wake wa matibabu yule aliyeandikwa kwenye kadi, ikishindikana unapanda pikipiki unamfuata kijijini. Siku 28 zikipita tangu tarehe aliyotakiwa kuja na hajaonekana popote, kwenye hesabu zetu huyo kapotea.

Na kitu nilichojifunza mapema sana ni kwamba mtu hapotei kwa sababu hapendi dawa. Anapotea kwa sababu ya aibu. Kahamia kibarua cha chai na hana nauli ya kurudi, au siku moja kaonwa na shemeji yake kwenye benchi la kliniki, au kaachwa na mume na nguo ya kutokea hana. Na kadri anavyokaa ndo aibu inazidi kukua, wiki ya kwanza angeweza kuja mwenyewe, mwezi wa tatu hawezi tena mpaka umfuate. Ukimkuta usianze na mbona hukuja. Unaanza na habari za nyumbani, mmevunaje, mtoto hajambo, unakaa kwenye kigoda unachopewa, mengine yatakuja yenyewe.

Haya. Januari 2025 ikatoka ile amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, ilisainiwa tarehe 20 na mwisho wa wiki ile ile kazi zikaanza kusimama. Sisi tulikuwa tunasema itapita, siku 90 sio nyingi, mikataba yetu si tumezoea kila mwaka presha ya Septemba watu hawajui kama Oktoba wataendelea au la. Tarehe 10 Machi ikatangazwa asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa. Mimi barua yangu ilikuwa imeshakuja kabla ya hapo, kwa imeili, jioni, naisoma kwenye simu huku napika ugali, na nakumbuka niliendelea kusonga ule ugali mpaka ukawa mgumu kama tofali, mwanangu ananiambia mama umeiva huu.

Kuhusu hela sitaongea sana maana kila aliyeachishwa kazi anajua. Tuliokuwa na mikataba tulikimbilia NSSF kwenye fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, sio hela ya kusema utajenga lakini mtoto anaenda shule. Nataka niongelee vitu viwili ambavyo hakuna fao lake, jina na watu.

Jina kwanza. Kanisani nilikuwa "dada wa mradi". Kwenye kikoba "wa mradi", kwa mwenye nyumba "yule wa mradi hawezi kusumbua kodi". Nilikuwa na koti la bluu lina nembo mgongoni, baridi ya Juni huku kwetu mnaijua, nilikuwa nalivaa mpaka Jumapili na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Baada ya barua nililikunja nikaliweka chini ya sanduku na siku ya kwanza natoka na sweta la kawaida nilijihisi natembea bila ngozi. Sijui niielezeje vizuri. Watu hawakubadilika siku hiyo, ni mimi niliyekuwa naona kila anayeniangalia anaona lile koti ambalo halipo.

Na simu. Simu yangu ilikuwa inaita tangu saa kumi na mbili asubuhi, wateja, manesi, watu wa takwimu wanataka ripoti, nilikuwa nalalamika kila siku kwamba hii simu itaniua. Kuna wiki mwezi wa nne tangu Jumatatu mpaka Jumamosi haikuita hata mara moja, nikawa najipigia kwa laini nyingine kuangalia kama iko hewani.

Sasa watu. Grupu letu la WhatsApp tulikuwa 43. Wiki ya kwanza ilikuwa kama msiba, pole pole pole, mistari ya Zaburi, watu wanatumiana picha za zamani za mafunzo Iringa na tumevaa tisheti zinazofanana. Wiki ya pili matangazo ya kazi, kila mtu anatupia linki. Halafu yakaanza matangazo ya kuuza, sofa, friji, subufa, pikipiki bado mpya. Halafu kimya. Halafu mmoja mmoja wakaanza kuleft, na wale wachache waliobaki kazini kwa sababu nafasi zao ziliendelea nao wakanyamaza, nadhani waliona wakiongea watatuumiza, na sisi tukaona wanatukwepa.

Kuna jambo linaniuma mpaka leo na nalisema hapa. Kwenye lile grupu walikuwepo waelimisha rika wetu, wengi wao wanaishi na VVU wenyewe, ndo waliokuwa wanajua kila njia ya panya na kila nyumba. Wao walikuwa wanalipwa posho tu, sio mshahara, NSSF hawana. Na sisi siku tatu nzima tunajadiliana fao mle mle ndani, nani kapeleka fomu, nani kaambiwa arudi, nani ameingiziwa, na wao wanasoma. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wao, dada niliyepanda naye milima ya Lupembe mvua inanyesha tumeshikana mikono, alitoka kimya kimya usiku wa siku ya tatu, na mimi niliona kabisa ile "ameondoka" na sikumpigia.

Watu wanapenda kusema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sawa, lakini huo msemo unamhesabu mmoja aliye kwenye dhiki na mwingine mwenye nafuu. Je kama nyote mmepigwa siku moja, saa moja, kwa imeili inayofanana mpaka nukta? Nani amfae nani? Nikikuona wewe najiona mimi. Hiyo ndo sababu tulikuwa tunakwepana barabarani, na nasema tulikuwa maana hata mimi nilishavuka barabara pale stendi nisikutane na mtu wa maabara niliyekula naye chakula cha mchana miaka mitano. Kazini tulikuwa na sheria mteja usimsalimie njiani mpaka akusalimie yeye, kumlindia siri yake. Nikajikuta naitumia sheria ile kwa wenzangu.

Ila kuna mmoja niliyempoteza kwa sababu nyingine na huyo ndo hasa aliyenifanya niandike. Tulikaa meza moja miaka sita. Naita meza lakini ilikuwa dirisha moja na kiti kimoja kizima, kingine tulikuwa tunapokezana. Yeye ndo aliyenipeleka hospitali nilipojifungua, mimi ndo nilisimama na familia yao alipofiwa na baba. Tuliingia kikoba kimoja na tukadhaminiana. Novemba 2024 alikopa laki sita kuezeka nyumba ya mama yake, nikasaini. Alirejesha miezi miwili vizuri, kazi ikaisha, marejesho yakaisha. Kikoba hakina shida na mtu, kikoba kina katiba, wakakata kwenye hisa zangu laki nne na kumi.

Nilimpigia akapokea, akasema nipe wiki mbili. Nilimpigia tena hakupokea. Nikamtumia meseji ambayo sitaiandika hapa, niliiandika saa nane usiku na ilikuwa mbaya. Tiki mbili za bluu, basi. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Nilikaa na hasira kama miezi saba hivi na nikiwaambia watu habari zake nilikuwa naanzia kwenye laki nne, siku ya kujifungua sikuitaja hata mara moja.

Aliyenirudisha ni dereva wetu. Huyu mzee ndo mtu pekee katika wale 43 ambaye hakuacha kupiga, kila Jumapili baada ya ibada, anaongea dakika mbili hazifiki. Namwamkia shikamoo baba, anaitika, anauliza mwanangu mmekula, mjukuu anasoma, haya Mungu awatunze. Sasa hivi anaendesha fuso ya viazi kwenda Dar. Jumapili moja akaniambia nimempakia mzigo mwenzako Uwemba, anakusalimia. Nikasema kanisalimia yeye mwenyewe? Mzee akanyamaza kidogo. Akasema, "Hapana mwanangu, lakini alikuuliza."

Nilikaa na hilo "alikuuliza" siku nne. Siku ya tano nikapanda Hiace mpaka Njombe mjini, kama kilomita 60, halafu nyingine ya kwenda Uwemba, na njiani kote najipanga namna ya kuanza. Nataka kuanza na laki nne. Nataka kuanza na meseji. Mwisho nikajiambia wewe umewatafuta wageni miaka minane unajua cha kusema.

Nilimkuta kando ya barabara amefunga kitenge juu ya jaketi, anashona lumbesa. Ana ile sindano ndefu na kamba ya manila, anachoma, anavuta, anakaza na goti, na vidole vimepasuka kwenye viungo vyote. Aliponiona sindano ilisimama katikati ya gunia. Nikasema kamwene, habari za nyumbani, mama hajambo? Akasema mama hajambo. Nikasema mvua imewaonea huruma mwaka huu? Hapo akaanza kulia, na mimi sikuweza kuendelea na maswali.

Tulikaa juu ya magunia. Alinionyesha daftari lake la mzigo, na jamani, amelichora vile vile kama rejesta ya kliniki, mstari kwa rula, tarehe, namba, jina, kiasi, maoni, mpaka ile tabia yake ya kupigia mstari mwekundu anayedaiwa. Ukurasa wa kwanza kabisa, mstari namba moja, ni jina langu. 410,000. Pembeni amepunguza: 15,000, tarehe. 10,000, tarehe. 20,000, tarehe. Elfu arobaini na tano zilikuwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya begi, hakuwahi kuzituma. Nikamuuliza kwa nini, wakala wa pesa za simu si yupo hapo dukani. Akasema, "Ni kidogo dada. Niliona nikikutumia kidogo hivi utaona nakudharau, nikasema zifike laki kwanza."

Nilimwomba msamaha kwa ile meseji. Akasema aliisoma mara moja tu akabadilisha simu, sijui kama ni kweli. Nilichukua ile elfu arobaini na tano kwa sababu niliona nikiikataa ndo nitamwumiza zaidi, akaandika "imelipwa" na tukasaini wote wawili kama tulivyokuwa tunasaini fomu za nauli.

Halafu akachukua sindano ya pili, nikavua sweta, nikashona naye magunia manne kabla gari la mwisho halijapita. Langu la kwanza lilifumuka akalirudia. Tukawa tunahesabu wenzetu, huyu yuko wapi, yule alirudi Mbeya, yule anafundisha shule ya binafsi, yule tangu Agosti hakuna anayejua. Nikamwambia kuhusu yule dada wa Lupembe aliyetoka kwenye grupu usiku. Akageuza daftari nyuma, akachora mistari, akaandika jina la kwanza, akaniuliza namba yake ya simu kama bado ninayo.

Ninayo. Nimeshapiga mara mbili haipatikani. Jumamosi mzee anashuka na fuso kupitia njia ya Lupembe, amesema atanipitia saa kumi na mbili asubuhi.